Umeme Ukipotea Upande Mmoja wa Nyumba: Namna ya Kutafuta Chanzo kwa Usalama

Nyumba nzima ikizimika, la kufanya linajulikana: mtu hutoka barazani akaangalia nyumba za jirani, hutazama mita kama tokeni zimekwisha, kisha hupiga simu au husubiri. Umeme unaopotea nusu ndio wenye taabu, maana sebuleni kuna taa na jikoni hakuna, kila mtu nyumbani ana dhana yake, na samaki waliomo ndani ya friza wameshaanza kulainika. Mwongozo huu umeandikwa kwa wakazi wa Malindi, na wa Lamu pia, wenye nyumba na wapangaji kwa pamoja. Shabaha yake ni kumwezesha mtu asiye fundi kuusoma mpangilio wa hitilafu kabla hajagusa chochote, kwa kuwa mahali palipozimika na mahali palipobaki na umeme, vikitazamwa pamoja, huonyesha chanzo vizuri zaidi kuliko kufungua soketi moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Hali zisizotaka uchunguzi

Kuna hali ambazo zinataka swichi kuu izimwe papo hapo. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au mlio wa kukwaruza ndani ya kisanduku cha breka, ukikuta soketi ina joto au imegeuka rangi ya kahawia, ukiona maji yanateremka ukutani karibu na swichi, au mtu akipigwa na stima kwa kugusa tu mlango wa friji au bomba la maji, zima swichi kuu kwa mkono mkavu, ukiwa umevaa viatu na umesimama pakavu, kisha umwite fundi. Kisanduku chenyewe kikiwa kinatoa moshi au kimelowa, usikiguse kabisa. Watoe watu nje na upige simu ya Kenya Power, 97771, na kama moto umeshika, 999 au 112.

Hali nyingine ya hatari haifahamiki na wengi, na ndiyo inayoharibu vifaa vingi kwa muda mfupi. Taa za chumba kimoja hufifia huku za chumba kingine zikiwaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida, na mtu akiwasha birika la umeme jikoni, tofauti hiyo hubadilika mara moja. Wengi huiona kuwa ni umeme mdogo tu wakaiacha iendelee. Kwa kweli ni dalili kwamba waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umekatika au umelegea, ama ndani ya nyumba yenye fezi tatu (fezi ni waya unaoleta umeme), ama kwenye laini ya mtaani. Kila fezi ikipimwa pamoja na nyutro hutoa takriban volti 240, lakini kati ya fezi moja na nyingine mna volti 415. Nyutro ikipotea, vifaa vya fezi mbili hujikuta vimeungana kwa mfuatano ndani ya volti hizo 415, na vile vinavyovuta umeme kidogo, kama televisheni, chaja na ruta ya intaneti, ndivyo vinavyopokea volti nyingi kupita uwezo wao. Nyumba ndogo yenye fezi moja nayo haisalimiki, kwa sababu nyutro ya mtaani ni ya nyumba zote zinazopokea kutoka kwenye transfoma ile ile. Zima swichi kuu, chomoa vifaa, waarifu majirani wafanye vivyo hivyo, kisha utoe taarifa. Usingoje kuona kama hali itatulia.

Chora ramani ya palipozimika

Ikiwa hakuna dalili yoyote kati ya hizo, chukua karatasi na taa ndogo ya mezani ambayo una hakika ni nzima, uzunguke nyumba. Andika kila taa, kila feni na kila soketi: inafanya kazi, haifanyi, au inafanya nusu nusu. Ni heri kutumia taa ya mezani kuliko chaja ya simu, na balbu ya zamani ya waya ni bora kuliko ya LED, kwa sababu taa nyingi za LED na chaja nyingi huendelea kufanya kazi hata volti zikishuka sana, zikakudanganya kuwa soketi iko sawa wakati feni inazunguka kwa uvivu na friji inanguruma bila kuanza. Ukiona friji inanguruma hivyo, ichomoe. Mota inayoshindwa kuanza huvuta umeme mwingi na hupata joto haraka.

Kilichozimika kikiwa kifaa kimoja tu, kijaribu kwenye soketi nyingine yenye umeme kabla ya kumlaumu fundi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, nyekundu ya ampea 3 kwa vifaa vidogo visivyozidi wati 700 hivi, na ya kahawia ya ampea 13 kwa pasi, birika na vinginevyo vyenye mzigo. Fyuzi ikiungua, nunua yenye kiwango kile kile. Kuzungushia kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama inavyoonekana katika nyumba nyingi, ni kuiondoa kinga pekee iliyokuwa inaulinda waya wa kifaa hicho.

Taa zote za ghorofa moja zikizimika huku soketi zikiwa hai, tatizo ni sakiti ya taa, yaani njia ya nyaya inayolindwa na breka yake, na mara nyingi breka yake ya ampea 6 au 10 imejikata kwa sababu balbu au kishikio cha balbu kimepiga shoti. Soketi zote zikizimika huku taa zikiwaka, angalia breka za soketi na ile breka kubwa ya uvujaji. Ikizimika shawa ya umeme au jiko peke yake, chanzo kiko kwenye sakiti yake yenyewe, aghalabu swichi yake ya ukutani imeungua ndani. Shawa ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampea 20, nayo haifai kabisa kupewa umeme kutoka soketi ya kawaida. Upande mzima wa nyumba ukizimika, taa na soketi pamoja, fikiria fezi, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani), au mita nyingine, mambo ambayo yanaelezwa hapa chini.

Wapangaji waongeze swali moja: je, vyumba vyote viko kwenye mita moja? Katika nyumba zilizogawanywa kwa ajili ya kupangisha, hutokea jiko au chumba cha uani kuwa kwenye mita ya mpangaji mwingine au kwenye mita ndogo ya mwenye nyumba, na tokeni za mita ile zikiisha, kwako huonekana kama hitilafu.

Breka iliyojikata

Fungua mlango wa kisanduku cha breka, ule mlango mdogo wa mbele tu, si kifuniko kilichofungwa kwa skrubu. Breka iliyojikata si lazima iwe imeshuka kabisa. Baadhi husimama katikati, na mtu akiitazama upesi huiona kama iko juu. Ndiyo maana breka husukumwa kwanza chini kabisa, kisha ndipo hupandishwa. Kabla ya kuipandisha, chomoa vyote vilivyo kwenye sakiti hiyo. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka ukipate kinachoiangusha, na hicho usikitumie tena mpaka kitengenezwe. Ikijikata papo hapo hali hakuna kilichochomekwa, shoti imo ndani ya nyaya zenyewe, na hapo kazi yako imekwisha. Jaribio moja linatosha. Kila mara unapoirudisha breka kwenye shoti, umeme mwingi mno hupita kwenye kiungo kilichoharibika, na kiungo hicho huenda kimelala juu ya boriti kavu au chini ya makuti.

Ikiwa breka inajikata baada ya dakika kumi au ishirini badala ya papo hapo, huenda hakuna kilichoharibika, ni mzigo tu umezidi. Gawanya wati kwa 240 upate ampea: birika la wati 2,400 huvuta ampea 10, pasi ya wati 1,200 huvuta 5. Jumlisha vinavyowaka kwa pamoja, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye breka. Kumwomba fundi aweke breka kubwa zaidi bila kubadilisha waya ni kosa kubwa, kwa sababu kiwango cha breka huchaguliwa kwa unene wa waya inaoulinda. Nyumba nyingi za zamani Lamu zilitiwa nyaya wakati mji ulitegemea jenereta za dizeli na mzigo wa nyumba ulikuwa taa, feni na redio. Sasa mji uko kwenye gridi ya taifa na nyumba zile zile zina friza na viyoyozi.

Breka ya uvujaji, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake RCD, ni pana kuliko nyingine na ina kitufe chenye herufi T. Hii haihesabu mzigo. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30, kiasi ambacho kinaanza kuhatarisha moyo wa mtu, huukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika visanduku vingi inasimamia nusu ya breka, kwa hiyo ikijikata ndiyo nusu ya nyumba inayozimika, na watu hupoteza saa nzima wakichunguza breka ndogo ambazo zote ziko juu. Kuitafutia chanzo kunahitaji subira. Chomoa vifaa vyote vya upande uliozimika, na kuchomoa ni kutoa plagi kabisa, kwani kuzima swichi ya soketi hukata laivu, waya unaoleta umeme, lakini mara nyingi huuacha nyutro umeunganishwa. Teremsha breka ndogo zote zilizo chini yake, pandisha RCD, kisha pandisha breka ndogo moja baada ya nyingine. Itakayoiangusha ndiyo sakiti yenye uvujaji. Zote zikipanda salama, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukianza na vile vyenye maji au joto: pasi, birika, mashine ya kufulia, friji, pampu ya kisima. RCD ikikataa kupanda hata breka ndogo zote zikiwa chini, kuna mahali nyutro umegusana na ethi, waya wa kinga unaokwenda ardhini, au yenyewe imeharibika, na vyote viwili hupimwa na fundi.

Usimruhusu mtu yeyote aiondoe RCD au aipite kwa waya ili umeme urudi. Pwani, ambako sakafu huoshwa kila siku na watu hutembea nyumbani pekupeku, ndiyo inayosimama kati ya mtoto na friji yenye hitilafu.

Soketi chache zilizofuatana

Mpangilio huu ndio unaowachanganya watu zaidi, na mimi nauona kuwa ndio wenye kuhitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu hakuna breka iliyojikata na kila kitu kisandukuni kinaonekana sawa. Soketi tatu za mwisho za baraza ya ndani zimekufa, zile za kabla yake ziko hai. Hapo kiungo kimelegea au kimeoza. Soketi zikiungwa kwa mfuatano, kila moja hupokea umeme kutoka iliyotangulia, kwa hiyo kosa liko kwenye soketi ya kwanza iliyokufa au kwenye ya mwisho iliyo hai, na hiyo iliyo hai ndiyo husahaulika. Mwonyeshe fundi zote mbili. Soketi zilizoungwa kwa duara, ambapo kebo ya milimita 2.5 za mraba hutoka kwenye breka ya ampea 32 na kurudi pale pale, haziko hivyo. Duara likikatika mahali pamoja, soketi zote hubaki na umeme, ila upande mmoja huweza kubeba karibu mzigo wote na kupata joto kimya kimya.

Kwa nini viungo vilegee mapema huku kwetu? Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na skrubu za chuma huota kutu, na nyaya za shaba kutu ya kijani, hata ndani ya boksi lililofungwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji, hivyo baada ya mvua za masika unyevu hukaa ukutani siku nyingi baada ya jua kurudi, na RCD inayojikata asubuhi tu, kisha ikakaa mchana, mara nyingi inasema habari za unyevu huo. Wapo pia wanaoingia wenyewe: mijusi hujibana kati ya vituo vya nyaya (pale nyaya zinapobanwa kwa skrubu), sisimizi hujaa ndani ya swichi, panya hutafuna kebo zilizopita darini juu ya boriti. Kwa hiyo taa za nje, boksi za juu ya paa na soketi zinazoelekea baharini ndizo za kushukiwa mwanzo.

Kuna dalili moja ambayo hata fundi mchanga huidhania vibaya. Testa ya bisibisi ikiwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi iliyokufa, watu husema umeme upo, soketi ndiyo mbovu. Maana yake hasa ni kwamba nyutro umekatika, na umeme wa laivu umepita ndani ya kifaa au taa iliyowashwa ukatokea upande wa pili. Soketi hiyo haiendeshi kitu, lakini inaua. Vilevile, testa isipowaka si ushahidi kwamba waya umekufa. Fundi anapaswa kutumia multimita, kifaa cha kupimia volti, na kuijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme.

Fezi ya mtaani, inveta na jenereta

Laini ya mtaani ina fezi tatu, na nyumba zimegawanywa kati yake. Fyuzi moja ikikatika kwenye transfoma, nyumba yako na ya tatu kutoka kwako huzimika, na ya jirani wa ukuta mmoja ikabaki inawaka. Katika nyumba kubwa na nyumba za wageni zenye fezi tatu, theluthi moja ndiyo huzimika. Hapo zima mara moja pampu au kiyoyozi chochote cha fezi tatu, maana mota ikiendeshwa na fezi mbili huungua. Kisha piga 97771 au tumia *977#, ukiwa na namba ya mita mkononi, na useme waziwazi kwamba ni fezi moja iliyopotea, au kwamba volti zinapanda na kushuka, ili timu inayokuja ijue inatafuta nini. Mita, lakiri yake na waya unaoingia kutoka nguzoni ni vya kampuni, wala fundi wako hana ruhusa ya kuvifungua. Baada ya mita, nyaya ni zako.

Nyumba zenye inveta na betri zina mtego wake. Mara nyingi taa na feni huwekwa kwenye inveta na soketi huachwa kwenye gridi, hivyo umeme wa mtaani ukikatika nusu ya nyumba hubaki hai bila mtu kutambua. Kinyume chake, inveta ikizidiwa mzigo hujizima, taa zote zikapotea huku gridi ipo. Soma kioo cha inveta kabla ya kwenda kisandukuni. Pia mwambie fundi kwamba ipo, kwa sababu swichi kuu ikizimwa, sakiti za inveta huendelea kuwa na umeme, na paneli za sola hutoa umeme wakati wowote jua linapoziangaza. Jenereta iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia pekee. Kuichomeka kwenye soketi hurudisha umeme mtaani na kumuua mfanyakazi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa.

Kumwita fundi na kurudisha umeme

Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, na umwombe akuonyeshe. Mpe ile karatasi uliyoandika, inaokoa saa nyingi za kutafuta. Mkumbushe umri wa nyumba, kwa sababu nyaya za zamani zina laivu nyekundu na nyutro mweusi, na za sasa zina laivu ya kahawia na nyutro wa buluu, hali katika nyumba za zamani za fezi tatu buluu ilikuwa ni fezi. Nyumba iliyoongezwa vyumba huwa na rangi zote hizo kisandukuni mwake, na fundi anayefuata rangi bila kupima anaweza kukosea vibaya.

Mwambie akaze skrubu zote za kisanduku, na si ile iliyolegea tu, na abadilishe kila kituo kilichoiva kwa moto badala ya kukisugua kwa msasa. Ikilazimu kupitisha waya mpya katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, asichimbe ukuta. Apitishe waya ndani ya mfereji wa plastiki juu ya plasta, kwani ukuta wa matumbawe ukichimbwa hudhoofika, na waya uliozikwa kwenye chokaa yenye chumvi hauna maisha marefu. Kabla hajaondoka, aandike jina la kila breka kwa wino usiofutika, kwa Kiswahili ambacho kila mtu nyumbani atakisoma: taa za juu, soketi za jikoni, pampu, shawa.

Umeme ukirudi, pandisha swichi kuu kwanza hali breka zote ndogo ziko chini, kisha breka za taa, kisha za soketi, ukingoja kidogo kati ya moja na nyingine. Bonyeza kitufe cha T uhakikishe RCD inakata, uirudishe. Friji na friza zisubiri dakika tano kabla ya kuwashwa, ili presha ndani ya mashine ishuke na mota ianze bila kulemewa. Kwa siku chache za mwanzo pitisha mkono karibu na soketi iliyotengenezwa baada ya kutumia birika au pasi, na ukihisi joto, izime na umwite fundi yule yule arudi.